Mwanao mdogo amekutuma ukajifunze nini?

FundiWaSahare (Tanga)

Habari za jioni wazazi wenzangu na walezi wote mlioko humu.

Nina swali, ila niliweke wazi kwanza tusije tukajibiana juujuu. Nikiuliza watoto wametufundisha nini, najua yatakayokuja: upendo, uvumilivu, kusamehe upesi. Ni kweli yote, sipingi. Lakini natafuta kitu cha kushikika. Mwanao aliye chini ya miaka saba amekufanya ujue jambo gani ambalo bila yeye lingekupita? Amekupeleka kwa nani? Amekusimamisha wapi?

Nianze na la kwangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni na sare za shule, nakaa Sahare hapa Tanga. Kwetu ni Singida mjini. Waliofika kule wanajua tuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, maji yake ya chumvi na mawe makubwa pembeni. Maji yale hayana safari. Kiangazi yanapungua kidogokidogo, mvua zikinyesha yanaongezeka, basi. Nilipoolewa huku pwani nikawa naiona bahari kila nikienda gengeni. Saa nyingine imejaa mpaka kwenye mikoko, saa nyingine ni tope tupu na mitumbwi imelala ubavu. Nilikuwa naona na kupita, nguo za watu zinanisubiri.

Binti yangu ana miaka minne. Njia yetu ya kwenda chekechea inapita karibu na ufuko. Asubuhi moja akagoma kutembea, kasimama na begi lake mgongoni anatazama lile tope.

"Mama, bahari imeenda wapi?"

Nikamwambia imetoka, itarudi.

"Imeenda wapi?"

Kule mbali.

"Nani kaiita?"

Swali hilo lilinikaa kichwani siku nzima, hata kwenye cherehani. Nani kaiita. Jioni nikamshika mkono nikampeleka kwa jirani yetu, mzee anayevua kwa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka. Kuta zetu zinatazamana tangu niolewe, na mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo na marahaba. Tulimkuta barazani anasuka dema jipya. Nikamwambia baba, mjukuu wako ana swali. Akaliweka dema chini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha naye akamuuliza: "Jana usiku mwezi uliuona?" Binti akasema ndiyo, mkubwa. "Basi huyo ndiye aliyeiita."

Nilidhani ni hadithi ya kumtulizia mtoto. Siyo. Mzee akatueleza kitu ambacho yeye amekitumia maisha yake yote. Mwezi unaivuta bahari, na jua nalo linavuta kwa nguvu ndogo zaidi. Vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mivuto inajumlishana: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapishana, maji yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo wanayaita maji mafu. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili, na kila kukicha yanachelewa kwa dakika kama 50 hivi. Kwa hiyo mzee hahitaji karatasi wala simu. Ukimwambia leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, anakwambia maji yatatoka saa ngapi. Siku za bamvua ukanda wetu huu maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na yamejaa saa kumi au kumi na moja jioni.

Sasa tazameni hili. Idi ya kufungua ni tarehe mosi ya mwezi wa Kiislamu, mwezi umeandama tu. Kwa hiyo Idi huangukia bamvua, na jioni yake maji yamejaa. Ndiyo maana watoto wa huku wakivua nguo za sikukuu wanakuta bahari imewasogelea kabisa waogelee. Nimeshona nguo za Idi miaka yote hiyo bila kujua kwamba bahari nayo ina kalenda ileile ninayokimbizana nayo.

Halafu mzee akampa binti yangu kijiti, akasema kesho ukichomeke pale maji yanapoishia, ukae ukiangalie. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tukaenda, tukakichomeka, tukakaa. Mimi nilikuwa na sare za kumaliza, nikajiambia dakika tano tu. Maji yakakiacha kijiti, yakaenda hatua moja, ya pili. Tope likaanza kutoa mapovu. Kwenye vitundu wakatoka kaa wadogo, madume yana gando moja kubwa kupita mwili na jingine dogo la kulia chakula, wanalipunga lile kubwa kama watu wanaoita daladala. Kwenye mizizi ya mikoko kulikuwa na samaki wa tope, wale wanaorukaruka nje ya maji, macho juu ya kichwa. Binti yangu alikuwa amechuchumaa, mikono magotini, hasemi neno. Nami sikusema. Tulikaa mpaka jua likawa kali.

Tangu hapo nimeanza kuishi Tanga kweli. Najua siku ya kumkuta mama anayeuza pweza na siku ambayo hatakuwepo. Namjua mzee yule: chuo alichosoma, jina la mtumbwi wake wa kwanza, kijiji alikotoka mkewe. Mlango huo aliufungua mtoto wa miaka minne kwa swali lisilonyooka hata kidogo.

Basi na ninyi nisimulieni. Nataka ya kweli, yenye mahali na watu ndani yake.

---

BabaMbagala (Dar es Salaam)

Wangu ana miaka mitatu na nusu. Alikaa Kilosa kwa bibi yake miezi kadhaa, akarudi na desturi ya kule: ukiingia mahali penye watu unaamkia, haijalishi ni kina nani.

Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wamebanana, kila mmoja uso dirishani au kwenye simu. Nimembeba, naweka mguu ndani, akatoa sauti yake yote: "Shikamooni!"

Kimya kidogo. Kisha mama mmoja nyuma akaitika marahaba, mwingine akafuata, mara gari zima. Konda akamwambia marahaba babu. Kijana mmoja akasimama akanipisha. Mama wa nyuma akamuuliza unatoka wapi wewe, naye akaanza kusimulia mbuzi wa bibi, na watu wakawa wanamsikiliza foleni nzima ya pale Mtongani.

Nami nimeanza. Naingia nasema habari za asubuhi jamani. Siku nyingine wanaitika watatu, siku nyingine kumi. Kuna baba mmoja hupandia kwa Azizi Ally, nilikuwa namwona tangu sijaoa. Sasa najua ni fundi bomba na ana watoto pacha. Mwezi uliopita bomba la nyumbani lilipopasuka usiku nilikuwa na namba yake.

Hili la salamu nililelewa nalo mwenyewe, nami nimezaliwa Kilosa hukohuko. Mjini nikaliacha mlangoni, mtoto akalirudisha.

---

MfugajiMisungwi (Mwanza)

Nimesoma. Mama wa Tanga umeandika vizuri na huyo mzee wa madema nampa heshima zake. Lakini niseme nisilokubaliana nalo.

Siku hizi kuna mtindo wa kumfanya mtoto mwalimu. Mtoto si mwalimu. Hajui kitu, ndiyo maana anauliza. Katika habari yako aliyefundisha ni mzee, na aliyefunzwa ni wewe mtu mzima uliyekaa chini kusikiliza. Mtoto aliuliza, akapewa kijiti. Ukimpandisha daraja la ualimu, kesho atamkatiza baba yake mbele ya wageni na mtasema anatufundisha.

Nimelea wanangu, sasa ni watu wazima, nina wajukuu. Kilichonifunza mimi ni kuwa na watu wanaonitegemea. Ukijua kuna tumbo linakusubiri jioni, unaacha pombe bila kuhubiriwa na mtu. Hilo silo somo la mtoto, ni somo la mzigo.

Sisemi watoto wanyamazishwe. Nasema tugawe sifa kwa haki.

---

MamaWaWawili (Moshi)

Mzee wa Misungwi, shikamoo. Nakuheshimu, ila kwangu mimi mwalimu ni mtoto, kwa maana ileile ya darasani kabisa. Naomba nieleze.

Mwanangu wa kwanza alikuwa anasikia na ameanza kuongea. Akapata homa ya uti wa mgongo, tukalazwa, Mungu akatujalia akapona. Tulipotoka hospitali nikawa namwita hageuki. Wazazi, mtoto akiugua ugonjwa huo, hata akipona vizuri kwa macho, mpelekeni apimwe masikio mapema. Ni ugonjwa unaoweza kuchukua usikivu, na kadiri mtoto anavyokaa bila lugha yoyote ndivyo anavyochelewa katika mengine yote.

Leo ana miaka sita na anasoma darasa lenye wenzake viziwi. Lugha ya alama anaijua kuliko sisi sote nyumbani. Akirudi likizo ananifundisha. Ananikalisha kwenye kigoda, anasimama mbele yangu, ananionyesha alama, nairudia. Nikikosea anashika vidole vyangu anavipanga kimoja kimoja. Nikirudia bila kuonyesha uso, anatikisa kichwa. Kwenye lugha hiyo uso ni sehemu ya maneno. Huwezi kuuliza swali huku uso umelala, atajua mikono inauliza na uso hautaki jibu.

Nawaambia vitu ambavyo nisingevijua. Huwezi kuongea naye kutoka jikoni. Lazima uache mwiko, uende alipo, umguse bega, akutazame. Huwezi kuongea naye huku unasoma ujumbe kwenye simu. Huwezi kumjibu "mm" ukiwa umempa mgongo. Kila mazungumzo yanaanza kwa watu wawili kutazamana machoni, ndiyo maneno yafuate. Nilipozoea kufanya hivyo kwake, nikajikuta nafanya hivyo kwa mume wangu, kwa mama yangu, kwa wateja. Mama yangu akaniuliza siku hizi una nini, mbona unanitazama hivyo nikiongea. Nikamwambia nakusikiliza mama.

Umeme ukikatika maongezi yanakatika pia. Mwanzoni alikuwa analia gizani. Kisha akavumbua mwenyewe: anachukua mikono yangu, anaiweka juu ya mikono yake, anatoa alama chini ya viganja vyangu nizipapase. Hakuna aliyemwonyesha. Tumeongea hivyo usiku mwingi, habari za mbwa wa jirani na kesho tutakula nini.

Mdogo wake ana miaka miwili, anasikia vizuri. Alitoa alama ya maziwa kabla hajaweza kulitamka. Kwa sasa anaongea na kaka yake kwa mikono na mimi kwa mdomo, hachanganyi.

Na viziwi wana desturi nzuri, hupeana majina ya alama. Jina langu alinipa yeye: kidole kinagusa kidevu mahali nilipo na kovu. Shuleni kwake nikifika, watoto wote wanagusa kidevu, mama yake huyu kaja.

---

FundiWaSahare (Tanga)

Mama wa Moshi, nimesoma habari ya mikono gizani nikaacha cherehani. Mungu akutunzie wote wawili. Nitamsomea mume wangu akirudi. Na ushauri wa kupima masikio naomba kila mzazi aliyepita hapa auchukue.

Mzee wangu wa Misungwi, shikamoo. Sitabishana nawe sana maana mengi umesema kweli. Mwanangu hajui kitu, na mbele ya wageni anasubiri zamu yake kama wenzake. Lakini tafadhali niongeze moja. Mzee wa madema alikuwa na elimu ile miaka yote, nami nilikuwa jirani yake miaka yote, na haikunifikia. Ilikosa mtu wa kuiuliza. Watu wazima tuna aibu ya kuuliza tunachodhani kila mtu anakijua. Mimi mtu wa Singida ningeanzaje kumuuliza mvuvi bahari imeenda wapi? Mtoto hana aibu hiyo. Sifa ya kujibu nampa mzee, ya kuuliza niachie nimpe mwenyewe.

Na Baba Mbagala, kesho nikipanda hiace ya mjini nitajaribu.

---

BabuAlikuwaRelini (Mombasa)

Nimekuwa nikisoma bila kuandika, lakini leo niandike.

Baba yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa mfanyakazi wa reli, amestaafu, akiishi Voi. Akija kutuona Mombasa alikuwa anapanda gari la moshi mpaka Miritini, na mimi na mwanangu, wakati huo ana miaka mitano, tunaenda kumpokea. Mtoto anapenda sana treni kwa sababu ya babu yake.

Babu alipofariki, watu wazima kwenye boma letu wakakubaliana mtoto aambiwe babu amesafiri. Kwa nia njema, asihuzunike. Sikuwa na nguvu ya kubishana na shangazi zangu, tulikuwa na maziko ya kupanga.

Ijumaa iliyofuata, tumesharudi Mombasa, mtoto akavaa viatu akakaa mlangoni. Nikamuuliza unaenda wapi. Akasema Ijumaa ndiyo siku ya treni ya babu. Nikaona hapana. Nikakaa naye palepale mlangoni nikamwambia babu amekufa. Nikatumia neno lenyewe. Akauliza kufa ni kufanya nini. Nikamwambia moyo wake umesimama, hapumui, hasikii njaa wala baridi, na hawezi kurudi hata akitaka. Akauliza, "Sasa yuko wapi?" Nikamwambia mwili tumeuzika kule Voi karibu na mwembe, na sisi tunaamini roho yake iko kwa Mungu. Akafikiri. "Kwa hivyo hakuna treni ya kwenda huko." Nikasema hakuna. Akalia, nikalia. Kisha akaomba chai.

Sikumaliza. Tulienda Voi kuona nyanya yake. Nyumba nzima, miezi mitatu, hakuna aliyekuwa ametaja kifo mbele ya mama yangu. Tulikuwa tunasema "tangu yale mambo", "tangu mzee atuache", tena kwa sauti ya chini, na akiingia tunabadilisha mazungumzo. Mtoto akaingia jikoni, akamkuta nyanya anapembua maharagwe, akamwambia: "Nyanya, babu alikufa. Wewe unalala na nani?"

Shangazi yangu akataka kumvuta nje. Mama akainua mkono akamzuia. Akasema, "Mwache. Ndiye wa kwanza kuniuliza." Akamketisha kando yake, akaanza kumwambia kwamba usiku ndio mgumu, upande wa babu wa kitanda amepaweka mto, na anawasha redio kwa kuwa babu alizoea taarifa ya habari. Mambo hayo hakuwa ametuambia sisi watoto wake wazima. Tulisimama mlangoni tukisikiliza. Maharagwe yalipikwa usiku siku hiyo.

Baada ya hapo dada yangu mdogo alihamia kulala chumba cha mama. Jambo rahisi tu, lakini hatungelijua kama halingesemwa. Na sasa tukikaa tunamtaja baba kwa jina lake, tunacheka habari zake za stesheni, na mama anacheka nasi.

Nilijifunza kwamba kimya chetu kilikuwa kinatulinda sisi.

---

MwaniJambiani (Unguja)

Poleni sana ndugu yetu wa Mombasa, Mungu amrehemu baba.

Dada wa Tanga, mimi ni mkulima wa mwani, kwa hiyo bamvua ndiyo saa yangu ya kazi. Maji yakitoka tunashuka kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna, yakiwa maji mafu hatushuki, kina hakituruhusu. Mwanangu wa miaka mitano nashuka naye siku za mapumziko.

Yeye ana kazi yake. Kila kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, anachokikuta kimeachwa juu ya mchanga anakibeba kwa viganja viwili anakirudisha kwenye maji. Wageni wa mahoteli hupenda kuvitoa wapigie picha, na kikikaa nje kwenye jua kinakufa. Siku moja alimwendea mgeni mzima, hajui lugha yake, akanyoosha mikono kuomba. Yule mama akampa, akamfuata mpaka majini, akatazama anavyokiweka. Hakupiga picha tena.

Nikaanza kutazama ninachokanyaga. Nimelima mwani tangu sijaolewa, na ndipo nikaona chini ya kamba zangu kuna mambo: kaa, majongoo ya bahari, samaki wadogo wamejificha kivulini. Nilikuwa naangalia kamba tu, mwani uko vipi, umeoza au haujaoza, maana maji yakiwa moto sana unateketea na sisi tunapata hasara.

Nina swali kwako. Mtoto akikuuliza usiku, umechoka, macho yanauma kwa kushona, na jibu huna, unafanyaje?

---

FundiWaSahare (Tanga)

Baba wa Mombasa, pole sana. Hiyo ya "ndiye wa kwanza kuniuliza" itanichukua muda. Mama mkwe wangu ni mjane na najua kesho nitaanzia wapi.

Dada wa Jambiani, nina chaki ya fundi. Swali la usiku tunaliandika ubavuni mwa kabati la vitambaa, yeye ananisimamia niandike lote bila kufupisha, kisha tunalala. Likipata jibu tunalifuta kwa kitambaa, na kufuta ni kazi yake. Mengine yanakaa wiki. Sasa hivi yako mawili. La kwanza, nani alimfundisha bibi kusuka ukili, na hilo tutampelekea bibi mwenyewe. La pili limekaa muda kidogo na huku Sahare sijapata mtu: kwa nini ng'ombe anatafuna wakati hakuna kitu anachokula. Alimwona amelala chini ya mti, majani hana, mdomo unakwenda.

---

MfugajiMisungwi (Mwanza)

Marahaba mama. Hilo la ng'ombe lilete kwangu.

Anacheua. Mwambie binti hivi. Ng'ombe akiwa malishoni anakula harakaharaka, majani hayatafuni sawasawa, anayameza tu. Yanaenda kwenye tumbo lake, ambalo lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza ndicho kikubwa kuliko vyote, mle majani yanalowa na kuchachuka, kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoyalainisha. Baadaye ng'ombe akipata kivuli na utulivu anayarudisha mdomoni tonge kwa tonge, anatafuna polepole, anameza tena. Ndiyo hapo alipomwona. Kwa siku moja kazi hiyo inaweza kumchukua saa saba au nane. Mbuzi na kondoo nao hucheua. Punda hacheui.

Ukiona ng'ombe amelala na hacheui kabisa, huyo si mzima, mwite mganga wa mifugo.

Na amtazame meno. Mbele juu ng'ombe hana meno, ana ufizi mgumu. Anazungusha ulimi kwenye majani, anayabana kati ya meno ya chini na ule ufizi, anayakata. Watu wengi wazima hawajui.

Akimpata tena amelala, akae upande, asimshtue, atazame shingo. Ng'ombe akimaliza kutafuna atameza, atatulia kidogo, kisha ataona tonge jingine likipanda kooni kutoka chini kwenda juu. Linaonekana wazi kabisa. Akishaliona mfuteni hilo swali, na mniandikie linalofuata.